Mchoro Ulionitangulia

Kaka yangu aliingia karakanani kwangu Kayanga akinuka vanishi iliyoungua, nikajua kabla hajasema. Ilikuwa mota ya mashine yake ya kusaga kule Rugu, na haikuwa mara ya kwanza. Umeme ulipofika vijijini kwetu tuliupokea kwa vigelegele, lakini ikifika jioni, kila mtu akiwasha, ulikuwa unashuka mpaka taa zinabaki nyekundu tu. Mota inayosaga mahindi kwa umeme hafifu hujichosha, hupata joto, mwisho huungua. Wenye mashine wa Karagwe na wengi wa Kyerwa walinijua kwa sababu hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nasuka mota zao.

Kwa asiyeijua kazi hii, ndani ya mota kuna sehemu mbili. Moja, rota, inazunguka. Nyingine, ambayo tunaiita stata, imetulia na kuizingira ile ya kwanza pande zote. Upande wake wa ndani una meno ya chuma, na kati ya meno hayo hupita nyaya za shaba, koili baada ya koili, zimeshindiliwa na kugandishwa kwa vanishi. Ikiungua koili moja, zote zimekwenda. Unakata, unachoma, unang'oa shaba yote, nzima na mbovu, halafu unasuka upya.

Siku hiyo kaka alikaa juu ya ndoo akinitazama ninavyong'oa.

"Hivi koili iliyoungua si hii moja tu?" akauliza.

"Ni hii moja."

"Na hizi nyingine?"

"Nzima."

"Sasa mbona unazitoa?"

"Zimesukwa pamoja, kaka. Huwezi kutoa moja ukaacha nyingine."

Akatikisa kichwa. "Ng'ombe mmoja akiugua huchinji zizi zima."

Nilicheka, lakini neno lile halikuniacha. Nilikwenda nalo sokoni, nikakaa nalo kanisani. Baada ya wiki chache nikamwendea Rugu na vipande vya maboksi nilivyovikata kwa mkasi, nikamwonyesha: je, kila jino la stata lingesimama peke yake, na koili yake peke yake? Jino liwe na mguu unaopanuka nyuma, liingie kwa ubavu katika mfereji wa pete ya nje, lisiweze kuanguka ndani. Koili ikiungua, unalivuta jino hilo moja kwa ubavu, unaweka jingine. Kaka alivigeuza vile vipande mkononi muda mrefu. Kabla ya kufuga na kununua mashine alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na chuma hakikumtisha.

"Nitayakata mimi," akasema. "Wewe utasuka."

Tuliifanya kazi hiyo kwa miezi mingi, kila tulipopata nafasi. Alikata mabati membamba ya mota zilizokufa, akayapiga tupa moja moja mpaka yakalingana. Mimi nilisuka koili mezani, nikazivika kwenye meno. Stata ya kwanza ilitetemeka, meno yakakwaruza rota. Ya pili ilipata joto mpaka ikatoa moshi. Ndipo tukaanza kuyabana meno kwa kabari za mti mgumu, na ya tatu ikazunguka. Ilinguruma kuliko mota za dukani. Akina mama waliokuja kusaga walisema inalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Lakini ilisaga. Na koili ilipoungua, kaka aliibadilisha mwenyewe pale pale, wateja wakimsubiri na madebe yao. Mama yetu, ambaye anakaa kwake, alitukaangia senene, akaleta na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tukala tukiwa tumesimama mlangoni, tukiisikiliza inavyonguruma.

Niseme mota ile ilikuwa nini kwangu. Nilikuwa nimeachika, nikarudi kwetu. Watu hawakunitukana, lakini waliponitaja walinitaja hivyo: yule aliyerudi. Kaka ndiye aliyenipokea bila kuniuliza swali. Baada ya mota kuwaka nikaanza kutajwa vingine. Nikawa yule aliyetengeneza mota ya Rugu.

Afisa biashara wa wilaya alifika akaiona. Ndiye aliyetueleza habari za hataza, ile haki anayopewa mtu aliyebuni kitu kipya, ili asije mwingine akakitengeneza na kukiuza bila ruhusa yake. Akatusaidia kuandika maombi. Tulichora jino, mguu wake, kabari yake, na majina yetu wawili yakaandikwa kuwa ndio wabunifu. Kaka aliwatangazia watu wa usharika, na Jumapili moja mchungaji akaiombea mota yetu pamoja na wagonjwa na wasafiri.

Majibu yalichukua muda mrefu. Yalipofika, yalifika kwenye simu yangu, kwa Kiingereza, nami nikayasoma polepole nikiwa karakanani. Mchunguzi wa hataza alikuwa amesema kwamba tulichokidai si kipya, kwamba kimekwisha kuelezwa kwenye hati ya nchi nyingine. Nilisoma tena nikidhani ni Kiingereza changu. Kisha nikapiga namba iliyokuwa chini ya barua.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole. "Ni mimi niliyechunguza maombi yenu," akasema kwa Kiswahili. "Una haki ya kujibu, mama. Unaweza kujibu kwa maandishi, au ukiweza kufika Dar es Salaam, njoo tuangalie pamoja."

Nilipanda basi. Sikumwambia kaka barua ilisema nini, nilimwambia wameniita.

Ofisini yule mchunguzi aliinuka kunipokea. "Shikamoo mama. Pole kwa safari, Kagera ni mbali." Akanivutia kiti upande wake wa meza, akageuza kioo cha kompyuta ili nione.

Nilidhani amefungua mchoro wetu. Ilikuwa pete ile ile, na meno yale yale yenye mguu uliopanuka nyuma. Jino moja lilichorwa likiwa limevutwa nusu kwa ubavu, kama nilivyolichora mimi. Hata kile kijifereji ambacho kaka alikipiga tupa ubavuni mwa kila jino, ili bisibisi ipate pa kushika, kilikuwapo. Nikanyoosha kidole.

"Na hiki?"

"Na hicho," akasema.

"Huyu ni nani?"

"Mhandisi wa nchi ya mbali. Hati yake ni ya zamani, mama. Naona ni ya kabla hujazaliwa."

Ningeweza kukasirika kama angekuwa na kiburi, lakini hakuwa nacho. Alikuwa amesoma kila ukurasa wetu. Niliona alama alizoweka kwa kalamu.

"Nimetafuta tofauti," akasema. "Nimetafuta kweli, si kwa kujitoa lawama. Nimeona moja. Huyu anabana meno kwa chuma, ninyi mnabana kwa kabari ya mti. Hilo halimo kwake. Lakini sheria inaniuliza swali la pili: fundi wa kawaida wa kazi hii, akipewa mchoro huu, je, kabari ya mti angeifikiria bila shida?" Akanigeukia. "Mimi si fundi. Wewe ni fundi. Unasemaje?"

Niliwafikiria mafundi wote ninaowafahamu, wa Bukoba, wa Mwanza, hata yule wa Nkwenda anayesukia mota uani kwake. Wote wana kabari za mti kwenye kopo. Ni kitu cha kwanza mwanafunzi anachofundishwa kuchonga.

"Angeifikiria," nikasema.

Hakuandika chochote mbele yangu. Akasema, kama mtu anayetafuta kitu cha kunipa: "Muda wa hataza ya huyu ulikwisha siku nyingi. Kwa hiyo hakuna wa kuwazuia kutengeneza. Mnaweza. Mtu yeyote anaweza."

"Kama mtu yeyote anaweza, mbona sisi hatukuwahi kuiona?"

"Hilo sijui, mama," akasema. "Hati haisemi."

Njiani kurudi sikulala wala sikula. Nilikuwa nimekwenda mbali kwa akili yangu mwenyewe, mbali kuliko nilivyowahi kwenda maishani, na huko nilikofika watu walikuwa wamekwisha kufika, wakakaa, wakaondoka, bila hata kuona pana kitu cha maana. Sikuwa nimeibiwa. Sikuwa nimedanganywa. Hapakuwa na mtu wa kumlaani. Nilitazama nje, nikaona migomba imeanza, nikajua tumeingia kwetu, na sikufurahi.

Kaka alinisubiri stendi. Alinipokea begi, akaniuliza pale pale, watu wakitupita. Nikamweleza yote.

"Wametuibia," akasema.

"Hapana, kaka. Hati ni ya zamani. Sisi tulikuwa hatujazaliwa."

"Karatasi huandikwa tarehe yoyote."

"Nimeiona kwa macho yangu."

"Umeona walichokuonyesha." Akaweka begi chini. "Kabari je? Kabari ni yetu. Hiyo nayo wanayo?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia nilichoulizwa na nilichojibu.

Alinitazama kama ananitafuta na hanioni. "Alikuuliza wewe," akasema taratibu, "na wewe ukasema si kitu."

"Nilisema kweli. Kila fundi anayo."

"Mimi nimekata yale meno na vidole hivi." Akanionyesha, ncha zimekuwa ngumu kama kwato. "Ukasema si kitu."

Akaondoka, begi langu likabaki pale chini.

Muda si muda habari ikaenea Rugu, ikafika Kayanga: mota yetu imeibwa na wakubwa. Kanisani watu walinishika mkono kwa mikono miwili. Mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni baada ya ibada.

"Pole, dada. Wanyonge hatuna chetu."

"Haikuibwa," nikamwambia. "Kuna mtu aliifikiria kabla yetu. Zamani sana."

Akaangalia nyuma yake, akashusha sauti. "Najua huwezi kusema. Tunakuelewa."

Baada yake sikumweleza mtu mwingine. Waliposema pole, nilisema asante. Ninaona haya kupokea pole ya wizi usiokuwapo, lakini pole ya kile kilichonipata hasa haina anayejua kuitoa.

Mwezi uliofuata mama alinipigia simu. Kaka ameifungua mota kwenye mashine, ameiingiza stoo, amefunga kwa kufuli. Mashine imesimama. Watu wanabeba mahindi mpaka kijiji cha jirani. "Njoo useme naye," mama akasema. "Mimi hanisikii."

Nilichukua bodaboda nikaenda. Nilimkuta akipalilia kibanja chake cha migomba, akaendelea kupalilia.

"Kaka, kuna mtu wa Kiruruma amekuja kwangu. Ameisikia mota, anataka ya namna ile. Nilijaribu kukata meno mwenyewe, nikashindwa. Yanapishana. Mikono yangu inajua kusuka, haijui kukata."

Akasogea shina la pili.

"Hakuna anayetuzuia. Tutengeneze, tuwape watu. Wa Kiruruma, wa Kyerwa, wote wanaounguliwa kila mwezi."

"Ili waje wachukue tena?"

"Hakuna cha kuchukua! Ni ya kila mtu, kaka. Iko wazi kwa kila mtu tangu zamani."

Hapo ndipo aliposimama, akaegemea jembe. "Unasikia unavyosema? Ya kila mtu. Basi mimi nilikuwa nafanya nini miezi yote ile? Nilikuwa nakata ya kila mtu?"

Ni swali ambalo nimejiuliza mwenyewe kwenye basi, na karakanani, na kitandani, na halina jibu.

"Basi angalau wasagie watu," nikasema. "Irudishe tu. Mama na wenzake wanabeba mizigo."

"Ikikaa nje wataiona."

"Wameshaiona."

"Basi wasiione tena," akasema, akainama kwenye magugu yake.

Nilikwenda mpaka mlango wa stoo. Kufuli lilikuwa kubwa, jipya, la aina wanayofungia maduka. Nilitia jicho kwenye upenyo wa mbao. Ndani giza, sikuona kitu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu, amenifungia ndizi za kubeba. Hakuniuliza amesemaje. Alinisindikiza mpaka barabarani, na tulipokuwa tunasubiri usafiri akasema tu, "Tangu urudi Dar kaka yako hali chakula sawasawa."

"Hata mimi," nikamjibu.

Tangu siku hiyo kaka hajanisemesha. Kwenye mazishi ya jirani yetu tulikaa benchi moja, akanisalimia kama mtu anavyosalimia mgeni, akahama. Ofisi ilinitumia ujumbe kwamba muda wa kujibu umepita bila jibu, na kwamba maombi yetu yamehesabiwa kuwa yameachwa. Nilishika simu nimpigie nimwambie. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kama lilivyokuwa siku zote. Nikalitazama mpaka kioo kikazima, nikairudisha simu mfukoni, nikamwambia mteja aliyekuwa mlangoni apitishe mota yake ndani.