Vidole Kumi na Meza ya Tupi

Fundi aliyemfundisha mume wangu useremala, kule Kirumba, kusini mwa Butembo, alikuwa na vidole saba. Alivionyesha bila haya, mkono wa kushoto ukiwa wazi juu ya meza, na kuwaambia wanafunzi wake kwamba vile vitatu vilivyokosekana vilikuwa ada ya masomo: "Ile tatu ni minerval yangu. Nililipa yote." Wanafunzi walicheka. Mimi, niliyekuwa mchumba aliyekuja kusalimu, sikucheka. Tulipooana nilimwomba mume wangu jambo moja tu: azeeke na vidole vyake vyote kumi.

Kwa miaka kadhaa ombi hilo lilikuwa jepesi, kwani alifanya kazi kwa randa na patasi. Kisha vita vikaja, barabara ya kusini ikafungwa, na mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mtaa wa Beu, mjini Beni, ambaye malori yake bado yalivuka mpaka kwenda Uganda, akatuletea kwetu Butembo mashine ndogo ya kuchonga kingo za mbao. Mafundi waliiita tupi. Naye alitaka fremu za madirisha ya nyumba yake, zenye kingo za mviringo kama alizoziona Kampala.

Mashine hiyo iliundwa kushikwa mkononi, kisu kikielekea chini. Mume wangu aliipindua, akaikaza kwa skrubu chini ya meza nzito ya mbao ya libuyu, kisu kikachomoza juu kupitia tundu, ili mikono yake yote miwili ibaki ya kusukuma ubao. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na juma lile shule ilifungwa kwa sababu ya askari waliopita mjini. Nikakaa karakanani nikimtazama.

"Papa, utasukuma ubao toka upande gani?" nilimwuliza.

"Kushoto kwenda kuume. Sawa siku zote."

"Mais umeigeuza. Sasa kisu inazunguka kinyume. Ukitokea kushoto, itakunyang'anya ubao na kuvuta mukono."

"Madame Fizike ameanza," alisema. Hata hivyo aliinama chini ya meza, akainuka, akakizungusha kisu taratibu kwa kidole. Kisha akachukua chaki na kuchora mshale juu ya meza, kutoka kuume kwenda kushoto. Akachonga pia kijiti cha kusukumia, ili vidole vibaki mbali na kisu.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa umeme. Ulitufikia kwa waya kutoka jenereta ya kinu cha jirani, na jirani huyo aliizima kila alipotaka kuongeza mafuta, kisha akaiwasha bila kumwambia mtu. Kwa hiyo niliweka sharti: kila mkono unapokwenda kwenye kisu, fishi, ile plagi ya mashine, itoke ukutani na niishike mimi.

Siku ya kwanza ya kazi mfanyabiashara alikuja mwenyewe kutazama. Ubao wa tatu ulikuwa katikati ya meza umeme ulipokatika. Mume wangu alifurahi. Aliona amepata nafasi ya kubadilisha kisu kilichokwisha makali. Aliondoa ubao, akachukua spana, akasahau kuizima mashine. Nami nikachomoa fishi.

"Courant imekufa, Mama," alisema akiwa ameinama. "Unaogopa nini?"

"Fanya kazi yako."

Mfanyabiashara alicheka. "Madame, hata kulala utalala na hiyo fishi?"

"Kama atabadirisha kisu mu kitanda, Hadji, nitalala nayo."

Alikuwa bado anacheka wakati taa iliyoning'inia juu yetu ilipowaka. Kinu cha jirani kilinguruma. Vidole vinne vya mume wangu vilikuwa vimekizunguka kisu, na swichi ya mashine ilikuwa bado imewashwa. Aliitazama taa, kisha akautazama mkono wangu. Mfanyabiashara akanong'ona, "Alhamdulillah." Mume wangu aliizima swichi, akamaliza kukaza kisu polepole kuliko kawaida, na ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Sasa rudisha fishi, Mama."

Fremu zilikwenda Beni zikiwa laini kama sabuni iliyotumika. Ule mshale wa chaki aliuchora upya kwa patasi, usifutike.

Barabara ya kusini ilipofunguliwa, tulikwenda Kirumba kumsalimu fundi. Alishika mikono yote miwili ya mume wangu, akavihesabu vidole kwa sauti, kimoja kimoja, hadi kumi.

"Na unatumia tupi? Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu," mume wangu alijibu, akinielekezea kidole.

"Aah! Kama nilijua, mimi pia ningeoa mwalimu."

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharagwe kando ya mlango, hakuinua kichwa.

"Na ungemusikia?"