Kidole cha Baba na Boga la Mbegu

Nilipokuwa bado msichana wa kubebeshwa ndoo ndogo, likizo kwangu ilikuwa Kalinzi, kwa bibi yangu mzaa baba. Sisi tuliishi Ujiji, ambako joto halikuachi ulale, kwa hiyo kupanda milimani, kula maharage mabichi na kulala na mablanketi mawili, ilikuwa raha kubwa.

Bibi alikuwa na masharti yake, na sharti kuu lilihusu maboga. Boga likiwa bado shambani hulinyooshei kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi. Ukijisahau, ng'ata kidole hicho hicho, yameisha. Mimi nilivyokuwa na mikono isiyotulia, nilishinda naving'ata vidole.

Mwaka ule mimea ya maboga ilikauka yote ukabaki mmoja, kando ya migomba, nao ulikuwa na boga moja kubwa. Bibi aliliacha likomae apate mbegu. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa, na boga lile likiharibika, ndiyo basi. Kila jioni aliziba mwanya wa uzio kwa tawi la miiba ili nungunungu wasiingie, ndipo aende jikoni kupika.

Likizo ilipoisha Baba alikuja kunichukua kwa pikipiki. Alikuwa fundi wa mashine za boti pale Katonga, ufukweni, na kitu kisichofunguliwa kwa spana alikidharau. Jioni nilimsimulia habari za boga. Akanishika mkono, tukaenda. Akaliondoa lile tawi, akaingia, akalinyooshea boga kidole mpaka kikaligusa.

"Haya, oza tuone," akaliambia. Kisha akanigeukia. "Bibi yako anawatisha watoto tu."

Nilicheka sana. Bibi, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, alimwona.

"Nestori, ng'ata kidole," akamwambia.

"Mama, acha hizo," Baba akasema, akaenda zake kuoga.

Asubuhi majirani walikuja kuagana nasi, wamebeba ndizi na maparachichi ya kupeleka mjini. Wakiwa bado uani wanasalimiana na kuulizana habari za kahawa, mimi, Baba na Bibi tulikwenda shambani kuchuma mboga za safari. Boga lilikuwa limetobolewa ubavuni na kuliwa ndani, maganda yametapakaa kwenye majani. Nungunungu alikuwa ameacha mwiba wake mmoja pale pale. Na lile tawi lilikuwa pembeni, mahali Baba alipolitupa jana.

Bibi alilitazama tawi, kisha akamtazama mwanawe. Baba naye alilitazama tawi. Nikajua kwamba anajua, nikangoja aseme neno moja tu: "Ni mimi." Hakusema. Majirani walipoanza kuja upande wetu, Bibi aliinama, akaliokota tawi, akalirudisha kwenye mwanya bila haraka.

"Kulikoni, Mama Nestori?" jirani mmoja akauliza. "Hukuziba jana?"

"Niliziba," Bibi akajibu. "Ni kidole. Huyu mwanangu alilinyooshea kidole."

Walicheka mpaka basi. Wakamtania kwamba fundi mzima ameshindwa na boga. Kosa la kidole linachekwa, kisha linasahauliwa. Lakini mtu mzima kuacha shamba la mama yake wazi, akamharibia mbegu yake ya mwisho, kwa hilo pale kwetu angesemwa mpaka uzeeni.

"Ng'ata, Nestori," Bibi akasema.

Na Baba, mbele ya watu wote, akainua mkono, akang'ata kidole.

Niliona aibu ambayo sijui hata niielezeje. Nilitazama chini nikatamani pikipiki iwashwe tuondoke. Kile alichokicheka jana mbele yangu, leo amejifunika nacho. Bibi alipiga magoti kwenye majani, akapata mbegu chache ambazo hazijatafunwa, akazifunga kwenye jani la mgomba.

"Kapande kwako," alimwambia. Tukashuka mpaka Ujiji.

Bibi ameshafariki. Maboga yake yako nyuma ya nyumba ya Baba mpaka leo, na kila jioni, hata mvua inyeshe, Baba huziba uzio mwenyewe. Ukimwambia nitaziba mimi, yeye huwa ameshaliinua tawi. Kwa miaka mingi nilimwonea aibu, na nadhani alikuwa anaiona usoni mwangu kila nilipomtembelea.

Juzi tulikwenda kumjulia hali, mwanangu akalinyooshea boga kidole.

"Ng'ata kidole hicho, mjukuu wangu," Baba akasema.

Mtoto akanigeukia. "Mama, ni kweli linaoza?"

Baba naye alinitazama, mkono wake ukiwa kwenye tawi la miiba. Hatujawahi kuizungumza asubuhi ile. Nilikuwa na jibu tangu utotoni, nimelihifadhi, na nilimwona anavyolingoja. Ndipo nikaona aibu yangu mwenyewe, kwamba Bibi alimsamehe pale pale shambani na mimi nimemshikilia muda wote huu.

"Ni kweli," nikamwambia mwanangu. "Ng'ata."

Baba akainama kuziba mwanya. Nikaenda kumshikia tawi.