Dada wa Kiwanda cha Sabuni

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, Speciosa alikata kipande cha sabuni ya mawese iliyolala kwenye vibao, akakigusisha ulimi. Kikichoma, magadi yamezidi. Kisipochoma, sabuni iko tayari kwa muhuri. Miaka kumi na saba alifanya hivyo kwa Assumani, mwenye kiwanda, pale Rumonge, na kila mwezi Assumani alimkata mshahara akisema ni mchango wa pansheni. Akawakata na wenzake pia. Pesa hiyo haikufika kwenye mfuko.

Kiwanda kikafilisika. Korti ikamtuma mfilisi wa kuuza mali na kulipa madeni, binti wa Bujumbura aitwaye Fahima, awakusanye wafanyakazi kati ya mapipa matupu. Akawaeleza kuwa mashine zitauzwa, na michango ya wafanyakazi italipwa kwanza, mbele ya benki, mbele ya wauza mawese wa Minago. Isaka, mchochea moto, akasema leo benki itanusa migongo yao kwenye foleni. Watu wakacheka.

Majina ya watakaolipwa yakasomwa. La Speciosa halikuwemo.

Fahima akamwonyesha karatasi iliyomtoa kwenye orodha, naye akaikumbuka. Mwaka ule mkaguzi alipokuja, Assumani alimwomba Speciosa aandike kuwa si mfanyakazi, ni ndugu anayesaidia tu, ili faini ya michango isiyolipwa ipungue. Akatia sahihi. Alikuwa amepika siku zote za matanga ya mama yake Assumani. Hata hakuona kuwa ni uongo sana.

"Mama, wewe ni ndugu yake ao mufanyakazi?" Fahima aliuliza. "Sema tu, nitaandika."

Speciosa akageuka. Alimtazama Assumani, akingoja aliyeyaanzisha maneno yale ayafute mwenyewe. Hapo ndipo alipokosea.

Assumani alijua akiyafuta, faini ya zamani itaifuata nyumba yake.

"Ni dada yangu," akasema polepole. "Hata marehemu mama alimuita mutoto wake."

Isaka akaguna. Miaka yote hiyo Speciosa hakuwahi kuitwa dada mbele za watu. Sasa ameitwa, na jina la marehemu limewekwa juu yake. Ulimi uliozoea magadi ukashindwa kulikana neno hilo.

"Murakoze," akashukuru.

Akavua aproni, akaitundika msumarini, akashika njia ya Minago. Siku ya malipo Isaka alimfuata kwa baiskeli, akamsihi aje hata leo aseme ukweli. Hakurudi.