Safari Yangu ya Ng'ambo

Miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa karani katika ofisi za serikali kule Matuga, kampuni moja ya utalii ilitangaza safari ya bei nafuu kwa wenyeji: siku mbili za meli, kwenda Unguja na kurudi Mombasa, kisha siku tatu katika hoteli ya Diani, chakula na vinywaji vyote vikiwa vimeshalipiwa. Ulikuwa msimu wa mvua, wazungu wamekwenda zao. Sikujiuliza kwa nini walikimbia.

Kukata tiketi halikuwa kosa. Kosa lilikuwa mdomo wangu. Ofisini nilitangaza kwamba ninakwenda ng'ambo. Kwetu Msambweni nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiaga. Mjomba wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza pweza, aliniombea dua ndefu huku machozi yakimlengalenga.

"Utakaa sana huko?" aliniuliza.

"Itategemea," nikajibu, nikitazama mbali kama mtu aliyezoea mambo hayo.

Mke wangu, mzaliwa wa Kinango, alingoja mpaka tulipotoka uani. "Ng'ambo gani hiyo? Ya feri ya Likoni?"

Nilimwonya kwamba yeye, mtu wa bara, ajitayarishe kutapika. Mimi bahari ilikuwa damuni. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuingia baharini kupita magoti.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa, jirani na injini. Meli haijamaliza kutoka mlango wa bandari, mimi nilikuwa nimekumbatia ndoo. Mke wangu alikula pilau yake, akala na yangu, akapanda juu kutazama pomboo, kisha akashuka kunisimulia. Unguja alishuka, akatembea mjini, akaniletea ndimu ya kunusa. Mimi Unguja niliyoiona ni ukuta wa bandari na paka mmoja.

Kwa hiyo tulipofika hotelini nilikuwa na njaa ya siku mbili, na hakuna aliyenizuia. Nilikula mpaka suruali ikakataa kufungwa, nikanunua kaptura ya maua maua. Asubuhi ya pili nilikuwa nimejilaza kwenye kiti kirefu ufukoni, kifua wazi, bilauri ya maji ya nanasi mkononi.

Mjomba akatokea, kapu la pweza begani, akielekea jikoni mwa hoteli. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza pweza wake anamwuzia nani.

Aliniona, akatupa kapu.

"Innalillahi! Meli imezama!"

Kabla sijafumbua mdomo alikuwa amenikumbatia, akilia, akinipapasa mbavu kuona kama zimevunjika. Mwenzake aliyekuja naye hakungoja kusikia zaidi. Aliruka juu ya baiskeli yake akashika njia ya Msambweni.

"Na mkeo je? Maji yamemchukua?"

"Mjomba, hebu..."

"Sema tu, mwanangu. Ni mipango ya Mungu."

Mke wangu akaja na sahani ya mapapai. "Shikamoo, mjomba."

Mjomba aliitikia marahaba kwa sauti ndogo sana. Alimtazama, akaitazama kaptura yangu. "Na ng'ambo?"

"Tulikwenda Unguja," mke wangu akasema. "Mimi nilishuka. Huyu alibaki na ndoo."

Mjomba alikaa mchangani akacheka mpaka akashika tumbo. Ghafla akashika kichwa. Yule wa baiskeli! Mama yangu angeambiwa nini?

Nikamwomba mke wangu tufungashe haraka. Aliketi kwenye kiti changu. "Wewe nenda ukawaambie hukufa. Mimi siku zangu zimeshalipiwa."

Nilivaa shati na koti, lakini suruali haikufungika, hivyo nilipanda basi na mjomba nikiwa na maua yangu. Tulikuta mikeka imeshatandikwa uani na akina mama wamejaa. Kelele zilizopigwa waliponiona sitazisahau. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipoona haya kwelikweli. Hata kicheko cha ufukoni hakikuniuma hivyo.

Alipotulia alifuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza, "Umeniletea nini kutoka huko ng'ambo?"

Nilipapasa mfuko wa koti. Nikampa vipande viwili vya sabuni ya hoteli.