Mama Ukutani Houston

Mimi hupiga picha za harusi za watu wa Pwani, hapa Texas, kuanzia Lewisville hadi Katy, na katika kazi hii kuna agizo moja nisilolitii. Mama wa bibi harusi hunivuta kando na kuninong'oneza, "Umng'arishe kidogo." Maana yake nimpunguze bintiye weusi kwenye kompyuta kabla jamaa hawajamwona. Nimekosa kazi nyingi kwa kutia pamba masikioni, na sijutii hata moja.

Mamangu ndiye mweusi kuliko wote katika ukoo wetu. Katika albamu zetu za Mombasa humwoni. Kamera ikitokea tu, yeye ana sinia la kurudisha jikoni. Hata alipohamia kwangu hapa Euless, karibu na Dallas, alinikatalia katakata kumpiga picha.

Kiangazi kile watu walipojaa katikati ya Dallas kupinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi, nilikuwa mlangoni nafunga viatu, begi la kamera begani. Mama akatoka chumbani kavaa buibui.

"Mama, jua kali, na polisi wamejaa kila mahali."

"Wanaouawa wana rangi yangu," akasema. "Twende."

Huko mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, wa umri wake, alimshika mkono. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza, lakini hawakuachana hadi watu walipotawanyika. Nilimpiga mama picha moja tu, bila yeye kujua, ameinua uso, mdomo wazi, anatamka jina la mmoja wa waliouawa pamoja na umati. Nilipima mwanga usoni mwake, si kwenye mashati meupe yaliyokuwa nyuma yake, basi weusi wake ukatoka wote, mzito, unang'aa. Sijawahi kujivunia picha kama ile.

Kikundi cha wapiga picha weusi wa Houston, watu ambao tangu enzi za babu zao kamera ndiyo shahidi wao, wakaiomba kwa maonyesho yao. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kwetu picha ya mwanamke haiachwi ovyo. Katika sherehe za kina mama simu hukusanywa mlangoni. Na hii itundikwe ukutani, kila apitaye aitazame! Mama mdogo anayeishi Katy, karibu na Houston, hakukawia kupiga simu.

"Kama ni lazima itundikwe, basi ui-edit kidogo tu. People watamcheka dada yangu!"

"Mama mdogo, siigusi." Hasira zilikuwa zimenipanda, ila yeye ni mkubwa wangu, nikaishia hapo.

Mama mwenyewe hakusema ndiyo wala la. Alisema ataiona kwanza ukutani. Asipoipenda, niishushe mbele ya macho yake. Nikakubali. Siku ya maonyesho tukafunga safari ya Houston.

Tulimkuta mama mdogo anatungoja ukumbini. Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Mama akasimama mbele yake, nami sikuthubutu kumwangalia. Bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa akipita akaitazama picha, akamtazama mama, akaweka mkono kifuani na kumwinamishia kichwa. Watu wakaanza kusogea, wakaomba kumpiga picha papo hapo.

Mama mdogo akafungua pochi upesi. "Dada, hebu jipake poda angalau. Please."

Mama akaushika mkono wa mdogo wake, taratibu, akaifunga ile pochi.

"Nimejificha vya kutosha," akasema. "Leo nataka nionekane."

Akaenda kusimama kando ya picha, kifua mbele, akarekebisha mtandio. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuona haya.

"Iache hapo ukutani, mwanangu," akaniambia. "Na mimi nipige hivi hivi nilivyo."