Katikati ya ulimwengu ni Ngujini au Chome?

Jamani, babu yenu leo kakataa kumwombea mjukuu wetu Namkunda safari, na gari la kwenda Mwanga linapiga honi!

Kwetu mtoto haondoki bila mkono wa babu kichwani.

Kisa? Mjukuu kasema ulimwengu unatanuka na hauna katikati.

Babu kasukuma sahani ya makande. (Yalikuwa matamu; wewe unayeniandikia, andika na hilo.)

"Mungu kauumba hovyo?"

"Hapana babu. Popote ukisimama, nyota za mbali zinakukimbia. Utadhani katikati ni hapo."

"Hata hapa Ngujini?"

"Hata hapa."

Babu kanyoosha mkono. Nikapumua.

Mtoto naye! "Na Chome kwao bibi vilevile."

Mkono ukabaki hewani. Honi tena.

Nikaingilia: "Mzee, mwombee mtoto. Ya Chome tutagombana wawili."

Kaomba. Ila jicho moja kafumba, la pili linanitazama mimi.

Mlioolewa mbali, mnasemaje?