Uwele na Mchicha wa Bwana Jivan

Mpaka leo, mwanangu, nikiikumbuka siku ile hujiwa na harufu ya kitunguu kilichoungua. Hapa hapa Malindi, mtaani Shela, tulipakana ukuta na Bwana Jivan, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, Nimisha, shoga yangu wa kucheza naye na kusoma naye.

Tangu msiba ule Nimisha alikuwa kitandani tu. Akiletewa chakula, hugeukia ukutani. Jamaa zao walileta vya kila namna, mama yangu akapeleka uji, vyote vikarudi kama vilivyokwenda. Mashavu yake yalibonyea hata tukaogopa kuwa naye atatutoka.

Sasa Bwana Jivan alikuwa hajawahi kushika mwiko. Kwa wanaume wa zama zile, wa Kihindi na wa kwetu, jikoni penyewe palikuwa mwiko! Basi alasiri moja akafunga duka mapema, akanunua mchicha na majani machungu ya uwatu kwa wanawake wauza mboga wa kijiji cha Ganda, akaja kwetu ameyakumbatia.

"Bi Rukia, dada yangu," akamwambia mama, "marehemu alikuwa akimpikia mtoto uwele na majani. Nifundishe."

"Lete nikupikie mimi."

"La, dada. Nataka ale cha mkono wangu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uwele ukalowekwa usiku kucha, na kesho yake tukaenda jikoni kwake. Mtu mzima yule akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamefika masikioni, mama akimwelekeza: uwele mzima, usiokobolewa, uchemke taratibu mpaka upasuke, kitunguu, kitunguu thomu na tangawizi vikaangwe kwa mafuta kidogo, uwele ufuate, mchicha na uwatu viwe vya mwisho, vikinywea tu uepue, ukamulie ndimu. Kitunguu cha kwanza kikawa makaa. Akakata kingine, macho yakimtoka machozi, sijui ya kitunguu au ya nini.

Jirani mmoja akachungulia uani, akacheka. "Ehe, Jivan! Siku hizi umekuwa mke?"

Hakuinua hata kichwa. "Mke wangu amekufa, bwana. Mtoto wangu yu hai."

Yule bwana akaenda zake.

Tukampelekea Nimisha sahani. Sijui ni kwa kuona mikono ya babake ilivyoungua, lakini aliketi, akaonja. Akakunja uso.

"Baba, uwatu umezidi. Chungu!"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumsikia akiyasema tangu msiba. Babake akamuuliza polepole, "Mama yako alikuwa akitia kiasi gani?"

Nimisha akateremsha miguu. Akashika ukuta, akaenda jikoni kumwonyesha. Akachukua majani ya uwatu kwa ncha za vidole: "Hivi tu." Wakapika upya, wakala pamoja, na dengu kando, wanakula huku wanalia. Nami mlangoni nikalia nao. Leo Nimisha ana wajukuu, na wote wanakipika chakula kile.

Aisifuye mvua imemnyea, mwanangu. Nimeona wenye mali na wenye vyeo wakipita mjini hapa, lakini mwanamume wa kumzidi yule, na majivu ya jikoni puani, bado sijamwona.

Basi nakuusia. Mtu wako akihuzunika au akiugua, usimtumie chakula cha kununua ukadhani umemaliza. Ingia jikoni mwenyewe. Usilolijua uliza, kuuliza si ujinga. Nafaka usiivue ganda lake, ndiko iliko nguvu, na majani usiyapike mpaka yakafa. Na mgonjwa wako akikwambia umekosea, usinune. Mpe mwiko akuonyeshe, kwani aliyevunjika moyo naye ataka kujua kuwa bado anahitajiwa.

Mola aitie baraka mikono yako, akujaalie nyumba ya watu wanaoambiana ukweli na bado wakala sahani moja. Amina.